Shangazi Anajifunza Kurudisha Tela

4 Mei

Mwanangu Kigingi,

Salamu zikufikie wewe, mke wako, na huyo mjukuu wangu ambaye naambiwa sasa anatembea kwa kushika kuta. Mimi mzima, ila magoti, na magoti yangu unayajua tangu zamani, kwa hiyo hiyo si habari. Binamu yako hajambo. Mwanawe mkubwa ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kutwa kupitia pengo hilo, mpaka baba yake amehamishia gazeti lake bafuni. Cherehani nimemwachia mwanafunzi wangu. Macho bado yanaona tundu la sindano, mgongo ndio uliogoma.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba hii ni ya kazini kwa marehemu mume wangu, na wenyewe wanaitaka ifikapo mwisho wa Septemba. Sina kinyongo, wamenivumilia vya kutosha. Binamu yako ameniandalia chumba kwake. Amekipaka rangi, ametundika pazia ambalo mimi ningeona haya kulishona, na godoro ni laini la kummeza mtu. Ni binti mwema. Lakini mimi nataka kukaa kwenye tela.

Unalikumbuka? Kile kijumba cha kuvutwa na gari tulichonunua tukitegemea kuzunguka nacho baada ya kustaafu, chenye kitanda, jiko dogo la gesi na dirisha linalofunguka kwa kuinuliwa. Tulisafiri nacho mara mbili tu, mwenzangu akatangulia. Tangu hapo kimelala chini ya turubai. Nimemwambia binamu yako nitakiweka uani kwake, nilale humo, asubuhi nije kunywa chai kwao kama mgeni mwenye kwake. Shida ni kwamba uani kwenyewe kunafikiwa kwa kichochoro cha ubavuni mwa nyumba, na huko nyuma hakuna nafasi ya kugeuza. Lazima tela liingie kinyumenyume kutoka barabarani, lipite getini, lifuate ukuta mpaka mwisho.

Nikasema nitatafuta dereva aliingize. Binamu yako kachukua kichwa cha mama yake. "Na siku ukitaka kulitoa, mama? Na likitakiwa kwa fundi? Kila mara tuzunguke mtaani kutafuta mtu?" Tulibishana mpaka chai ikapoa, tukapatana hivi: nikiweza kuliingiza mwenyewe kabla ya mwisho wa Septemba, nakaa humo na hakuna wa kuniuliza. Nikishindwa, linauzwa, naingia chumbani. Mnunuzi tayari yupo, muuza mikate anayetaka kulifanya kibanda.

Pikapu naiendesha vizuri, unajua. Kwenda mbele. Jana nililifunga tela nyuma yake nikajaribu kurudi hapa nje. Nikikata kushoto, linakwenda kulia. Nikikata kulia, linakwenda kushoto, halafu likapiga kiwiko kabisa mpaka likawa linanichungulia dirishani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikataka kujua: kwa nini? Kuuliza si ujinga. Wewe umevuta matela marefu kuliko nyumba hii. Nieleze.

Na utapita lini huku? Zamani haukuisha mwezi bila kusikia honi yako mlangoni.

Shangazi yako


27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo limechelewa, naomba unisamehe. Huku sote wazima. Mtoto ameacha kuta, sasa anashika miguu ya watu, na ukisimama vibaya mnaanguka wote wawili. Mwandiko unaouona ni wa mke wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na pale anapoona nimesema upuuzi anaruka.

Nimecheka kuhusu kiwiko. Sisi wote tulianza hapo. Sikiliza. Ukienda mbele unalivuta tela, nalo linakufuata tu. Ukirudi nyuma unalisukuma, na kitu kinachosukumwa kina akili yake. Usibishane nalo. Fanya hivi: shika usukani kwa mkono mmoja, pale chini kabisa, karibu na mapaja yako. Sasa sahau kushoto na kulia kwa usukani. Unataka makalio ya tela yaende kushoto? Peleka mkono kushoto. Kulia? Peleka kulia. Basi.

Tafuta uwanja mtupu. Usiende na geti kichwani, geti linatisha. Panga ndoo mbili, urudi moja kwa moja katikati yake. Usikanyage mafuta, liache gari lijiburute lenyewe. Tela likianza kuchungulia kwenye kioo cha kushoto, mkono wa chini uende kulia kidogo. Kidogo, shangazi! Halafu ungoje. Likipiga kiwiko, usilazimishe, utapinda chuma. Songa mbele, linyooke, anza upya. Mwenda pole hajikwai.

Wasalimie wote. Mwambie mpiga mluzi kwamba jino litaota.

Kigingi


12 Juni

Mwanangu Kigingi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya tela lenyewe, katikati ya uwanja wa mpira wa shule, na vumbi limeniingia mpaka kwenye soksi. Wote wazima nyumbani. Mkwe wangu amepanda cheo ofisini na amewaomba radhi wenzake wote ambao hawakupanda. Unamjua shemeji yako, hata mlango akiupiga bega anauambia samahani.

Mkono wa chini unafanya kazi! Siku ya kwanza nilipiga kelele ndani ya gari. Ndoo moja nimeiua, lakini nyingine bado inateka maji. Sasa nina mambo ya kukuuliza, maana tangu nilipopata barua yako silali vizuri kwa udadisi.

Nilichukua kiberiti na kibanio cha nguo, nikavifunga kwa uzi mezani, kiberiti ndiyo pikapu. Nikasukuma mara ya kwanza, mara ya kumi, mpaka nikaona. Tela halisikilizi usukani hata kidogo, linasikiliza kitako cha gari. Kitako kikienda kulia, pua ya tela inaburutwa kulia, basi makalio yake yanatupwa kushoto. Ni hivyo? Niambie kama ni hivyo. Nimeshona nguo maisha yangu yote nikigeuza kitambaa ndani nje, na bado nimeona raha kama mtoto.

La pili. Dereva wa lori la mchanga alisimama kunitazama, mtu mnene mwenye huruma, akasema matela mafupi ni makorofi kuliko marefu. Kwa nini? Mimi ningedhani refu ndilo zito kufundishika.

La tatu. Kwa nini mke wako ndiye anayekuandikia? Wewe ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko watoto wote wa kaka yangu. Na sikusikia jibu lako kuhusu kupita huku.

Shangazi yako


30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku mvua imekatika, mtoto ana meno manne na anayatumia. Mke wangu anakusalimu na anasema hapana, hajachoka kuandika.

Ni hivyo hasa. Kitako cha gari. Mimi nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana na sikuwahi kulisema kwa maneno hayo. Niliwasomea wenzangu hapa depo, mmoja akasema huyo shangazi aje atufundishe.

Kuhusu fupi na refu: fupi linajibu upesi. Ukigusa usukani tayari limeshageuka, na kabla hujafikiri limepiga kiwiko. Refu linakawia, linakupa nafasi ya kujuta. Kwa hiyo lako linataka mkono mwepesi. Gusa, ngoja, rudisha. Wanaoanza wote wana kosa moja, wanageuza na kugeuza tena kabla geuzo la kwanza halijafika kwenye magurudumu.

Na ukifika getini, jipange barabarani uingie kwa upande ule unaokaa wewe dereva, ili ulione tela dirishani kwa macho yako. Ukiingia kwa upande mwingine unategemea kioo peke yake, na kioo hakionyeshi yote.

Mimi siku hizi nipo depo, nawapangia wenzangu safari.

Kigingi


3 Agosti

Mwanangu Kigingi,

Salamu kwenu. Leo habari za nyumbani ni fupi: sote wazima, na sote hatuongei.

Jumamosi nilijaribu geti. Uwanjani nilikuwa nimefika mahali pa kupita kati ya ndoo bila kuzigusa, hata dereva wa lori la mchanga alinipigia makofi. Nikasema sasa. Nikajipanga barabarani kama ulivyosema. Mkwe wangu akasimama nyuma, uani, aniongoze. Alivaa hadi kofia.

Nilianza vizuri. Nikapita getini. Nikawa naufuata ukuta, mkono chini, moyo umetulia. Kumbe nyuma kule tela lilikuwa limeanza kuegemea upande nisiouona, linaelekea kwenye pembe ya jiko. Mkwe wangu aliona. Aliona mapema sana, yeye mwenyewe anakiri. Sasa mtu mwingine angepiga ukelele "Simama!" Yeye, kumwamrisha mama mkwe wake? Alianza: "Samahani mama, naona kama, ikikupendeza, labda ungefikiria..." na hapo "ungefikiria" ndipo tulipofika ukutani. Taa ya nyuma imevunjika, bati la pembeni limebonyea, na kipande cha ukuta wa jiko kimeanguka ndani ya sinki.

Maskini! Aliniomba radhi mimi, akamwomba mkewe, nadhani na ukuta. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu anachelea kila mtu. Sikuweza kumkasirikia, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa na hasira na sina pa kuiweka.

Binamu yako alichukua ufagio. Alifagia. Jumatatu muuza mikate alikuja na futi yake, akapima tela, akagonga bati lililobonyea, akasema hata hivyo litamfaa. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi nikimtazama akipima kitanda changu.

Nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Chumba kile ni kizuri na wanaokaa humo ni wema, na ndiyo maana nakiogopa. Wataniletea chai. Watanikataza kuinua ndoo. Watanizimia taa. Mimi nitasema asante, asante, mpaka siku moja nisikie nimebaki na neno hilo tu. Nataka mlango ambao naufunga na kuufungua mwenyewe. Siombi kikubwa.

Usukani sasa ninaugusa mkono unatetemeka. Na wewe, mwanangu, nimekuuliza mara mbili na mara mbili umenijibu habari za matela. Mtu aliyependa barabara kama wewe hakai depo kupanga safari za wengine. Kama umenikasirikia, sema. Kama umefukuzwa kazi, sema. Mimi si wa kufichwa, mimi ni dada wa baba yako.

Shangazi yako


20 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima, unisamehe. Leo naandika mwenyewe.

Sikufukuzwa, wala sijakukasirikia. Ni macho. La kulia lilizimika mwaka jana, ndani ya siku chache tu, kama pazia linashushwa. La kushoto linaona, ila halinipi umbali, nikimwaga chai naimwaga nje ya kikombe. Daktari alinieleza kwa upole, kisha akaandika kwamba nisiendeshe tena. Kazini wamenitendea wema, wakanipa kiti depo. Nami nasema asante, asante. Nilipoyasoma maneno hayo kwenye barua yako nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Sikukuambia kwa sababu wewe unge... sijui ungefanya nini. Ungenihurumia, kama wengine. Na wewe peke yako ulikuwa bado unaniuliza kama dereva.

Nikupe siri nyingine. Barua yako ya kwanza ilipofika sikujua nikujibu nini. Mambo hayo sikuwahi kuyajua kwa maneno. Ikabidi nikae kwenye kiti jikoni, nishike mfuniko wa sufuria kubwa, nifumbe macho, nirudi nyuma. Mke wangu alisimama na daftari akiandika mikono yangu inafanya nini. Geti lako nimeliingia mara nyingi kuliko wewe, shangazi, kwa mfuniko. Nilidhani kazi yangu ilikuwa machoni. Kumbe sehemu kubwa bado ipo.

Sasa kazi. Kwanza, shemeji asiseme kitu. Utingo hasemi, anaonyesha. Na kwa kuwa yeye hata mkono atauinua kwa unyenyekevu, mpe sufuria na mwiko. Akiona jambo asilolielewa, apige. Mwambie sufuria haina adabu wala utovu wa adabu, ni sufuria. Ukisikia, simama papo hapo.

Pili, na hili ndilo kubwa. Shuka. Ukiwa na shaka yoyote, vuta breki ya mkono, fungua mlango, nenda nyuma ukaangalie kwa macho yako. Rudi, songa kidogo, shuka tena. Watu watakutazama, na waache watazame. Katika madereva wote niliowafahamu, waliogonga ni wale walioona haya kushuka. Kawia ufike.

Mkono utaacha kutetemeka ukishaanza. Na usipoacha, tetemeka nao hivyo hivyo.

Kigingi


29 Septemba

Mwanangu Kigingi,

Barua yako niliisoma mara mbili nimekaa, na mara ya tatu nimesimama. Sikulia mbele ya watu. Sikuhurumii, usiogope, ila nimekasirika kidogo kwamba umelibeba peke yako mwaka mzima na mimi mabega ninayo. Nimeshakasirika, yameisha. Wote wazima hapa, jino limeanza kuota.

Nilingoja mpaka juzi, siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu niliogopa. Huo ndio ukweli. Muuza mikate alikuwa amekubaliana na binamu yako aje leo na gari lake.

Mkwe wangu alichagua sufuria mwenyewe, ile ya kuchemshia maji ya kuoga. Nikajipanga barabarani. Nikarudi, nikashuka. Nikarudi, nikashuka. Magoti yalinilaani. Majirani walitoka na viti. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Bibi, unaingiza tela au unafanya mazoezi?" Nikamjibu vyote viwili. Niliposhuka tena nikaona gurudumu limebakiza kiganja tu kufika ukutani, nikasonga mbele, nikalinyoosha, nikaanza upya. Gusa, ngoja, rudisha. Karibu na ile pembe ya jiko sufuria ikalia, wacha! Mwanangu, mtu yule ana hasira ya miaka mingi ndani yake. Alipiga mpaka mwiko ukavunjika, na nilishasimama zamani. Nikashuka nikaangalia. Alikuwa ameona paka.

Likaingia. Lote, mpaka mwisho wa uani, sambamba na ukuta kama pindo lililopigwa pasi. Nilizima gari nikabaki nimekaa. Binamu yako alikuja dirishani, macho yamemwiva, akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa naogopa utaumia." Nikamwambia najua. Tulishikana mikono pale kwa dirisha. Ndiye aliyempigia simu muuza mikate, sikumwomba.

Nimelala humo siku mbili. Ni pazuri. Nafungua mlango wangu, nafunga mlango wangu. Jana asubuhi nilipokuwa nakunywa chai kwao, kama mgeni mwenye kwake, nikajiuliza jambo. Mimi muda wote huu nimejifunza kuingia. Mbona nimeingia nikakaa? Anayejua kurudi nyuma hana sababu ya kuogopa kwenda mbele, maana hakuna kichochoro kitakachomkwamisha.

Kwa hiyo Jumatatu ya pili ya Oktoba natoka. Binamu yako ameuliza nitarudi lini, nimemwambia nikirudi wasinishikie geti. Nakuja kwenu. Barabara ile wewe unaijua kila kona, mimi siijui hata moja, na macho ninayo mawili. Nitapumzika kwenu kidogo, halafu utapanda pale kwa abiria tuende mahali. Chagua wewe. Usiniambie habari za depo, omba ruhusa. Niandikie tu kwenu pakoje, mlango uko upande gani.

Shangazi yako


4 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Naandika upesi ili ikuwahi kwa binamu kabla hujaondoka, na kama imekukosa basi utaisoma ukirudi.

Ruhusa nimepata. Wiki mbili. Mahali nimeshachagua, sitakuambia, utaniuliza njia nzima na mimi nitafurahi.

Kwetu ukitoka barabara kubwa kuna mteremko, halafu kona kali kushoto, halafu geti letu, ambalo ni jembamba kuliko la binamu, na lina nguzo ya simenti kila upande. Mke wangu aliposikia unakuja na tela alitaka tumwite fundi aing'oe nguzo moja. Fundi alikuja, akaangalia, akasema ni kazi ya nusu siku.

Nimemrudisha. Nimemwambia aiache nguzo, anayekuja ni dereva.

Kigingi